Kabla ya Kutoa, Tuulize Kilichokwisha Kutolewa

(Maelezo yaliyotolewa na ofisi yetu mbele ya kamati za huduma za parokia na wageni wafadhili, Tabora mjini)



Mada tuliyopangiwa imeandikwa kwenye ratiba kuwa ni "Ruzuku ya Serikali na upatikanaji wa taarifa katika huduma za jamii". Tukiianza kama ilivyoandikwa, wengine watasinzia na chakula cha mchana bado hakijaiva. Kwa hiyo tunaomba tuanze na daftari.

Ofisi yetu ina daftari la fedha za huruma, lile ambalo ninyi wanakamati mnalijaza kwa barua zenu: jina la mgonjwa, kigango anachotoka, ugonjwa, kiasi kilicholipwa, namba ya risiti. Wakati wa kujiandaa kwa ukaguzi wa hesabu tulikaa siku tatu tukifungua kurasa za miaka kadhaa nyuma. Tulikuwa tunatafuta risiti zilizopotea. Risiti tulizipata, lakini tukakuta na jambo jingine. Ukurasa baada ya ukurasa, majina mengi yalikuwa ya wazee. Mzee wa miaka sabini, kumwona daktari. Mjane wa miaka sitini na minane, dawa za presha. Bibi anayelea wajukuu wanne, kipimo na kitanda. Na wengi wao walitibiwa katika vituo vya umma.

Sasa, Sera ya Taifa ya Wazee ilitolewa mwaka 2003. Sera ya Afya ilifanyiwa marekebisho mwaka 2007. Humo imeandikwa kwamba mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bila malipo katika vituo vya umma. Sera zote mbili tunazo ofisini, ndani ya kabati. Ufunguo wa kabati hilo tunauweka katika mtoto wa meza ule ule tunamowekea daftari.

Tunalisema hili mbele ya wafadhili wetu kwa sababu fedha zilikuwa zao. Hakuna aliyeiba. Hesabu zimekaguliwa na zimesafishwa. Hata hivyo, kwa miaka hiyo tulichukua sadaka za watu na kulipia jambo ambalo nchi ilikwisha kusema lisilipiwe, na mtoto yatima ambaye hakuwa na mlango mwingine wa kubisha zaidi ya wetu tukamwambia mfuko umekwisha.

Tulipogundua hivyo tuliwatembelea baadhi ya waliomo katika daftari. Mmoja ni bibi wa kigango kimoja cha mbali, njia ya matope wakati wa masika. Mara ya kwanza alipougua aliuza mbuzi. Mara ya pili hakuwa na mbuzi, akakaa ndani mpaka akina mama wa jumuiya walipomkuta. Mara ya tatu tukamlipia sisi. Tukamuuliza kama alipata kusikia juu ya msamaha wa matibabu kwa wazee. Akasema tangazo aliliona, na mjukuu wake alimsomea: lilisema mzee apishwe kwanza. "Nilidhani tunapishwa ili tuwahi kulipa," akasema. Kisha akauliza kama kumbe kilichotakiwa ni barua ya mtendaji wa kijiji tu. Nyumba ya mtendaji iko hatua chache kutoka kisimani anakochota maji kila siku.

Hatumlaumu mtendaji, wala karani wa dirishani. Tunajilaumu sisi kwanza, kwa kuwa bibi huyo alikuwa katika orodha yetu, wala hatukuwahi kumuuliza wala kumweleza chochote zaidi ya kumpa pole na bahasha.

Ndugu zetu, sisi ni watu wa njia ya misafara. Misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika hapa Unyanyembe, na babu zetu ndio waliobeba mizigo. Kila mpagazi alijua posho yake: kibaba cha nafaka kwa siku. Hakuhitaji kusoma ili ajue kibaba ni kiasi gani. Alikiona kikipimwa mbele yake, na kilipopungua, msafara haukuondoka kambini. Leo wajukuu wa wapagazi hao wana kibaba chao kilichoandikwa katika sera, sheria na bajeti, lakini kinapimwa mahali wasipopaona, kwa lugha ambayo wengi hawaisomi. Tumeona karatasi ya mapato na matumizi imebandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo, juu kuliko kimo cha Mnyamwezi wa kawaida, ndani ya korido inayofungwa saa tisa na nusu. Kisheria, huenda taarifa hiyo ilikuwa imetolewa.

Mkoa wetu una mfano mkubwa kuliko wa daftari letu. Mwaka 1993 Serikali ilianza utaratibu wa wananchi kuchangia gharama za matibabu. Ilipoonekana kwamba wa vijijini hawana fedha siku wanapougua, ukabuniwa Mfuko wa Afya ya Jamii, na mahali pa kwanza kuujaribu katika nchi nzima palikuwa Igunga, mwaka 1996. Kaya ilitoa mchango mara moja kwa mwaka, kwanza shilingi 5,000, baadaye ukapandishwa, ikapewa kadi ya kumtibu baba, mama na watoto walio chini ya miaka 18. Aliyeweza kutoa baada ya kuuza pamba au mpunga alikuwa amejiwekea akiba kwa ajili ya masika, wakati nyumba haina kitu na malaria imepamba moto. Mwaka 2001 Bunge likatunga sheria, na mfuko ukaenea katika wilaya nyingine.

Wengi wenu mnaikumbuka kadi. Wachache wanakikumbuka kilichokuwa nyuma ya kadi, nacho kiliitwa tele kwa tele. Kwa kila shilingi iliyochangwa na wanachama, Serikali iliongeza shilingi nyingine. Mwanzoni fedha hizo za nyongeza zilitoka Benki ya Dunia kupitia Serikali. Halmashauri ilitakiwa kukusanya michango, kuiwekea hesabu, kuandika taarifa na kuomba nyongeza yake. Kadiri kijiji kilivyochanga, ndivyo kituo kilivyopaswa kuongezewa fedha za dawa.

Sheria hiyo iliweka pia nafasi kwa asiye na uwezo wa kuchanga. Halmashauri ya kijiji ilikuwa na uwezo wa kumpendekeza apewe kadi bila kulipa, na mamlaka iliyotoa msamaha huo ilitakiwa kutafuta njia ya kuufidia mfuko.

Tufanye hesabu ndogo ya jikoni. Bibi wetu angekuwa na kadi, iwe ya msamaha au ya kulipiwa na parokia, jina lake lingekuwa katika orodha kabla hajaugua. Mchango ambao parokia ingemtolea ungevuta na nyongeza ya Serikali, na fedha hizo zingebaki katika kituo anachotibiwa na majirani zake pia. Sisi tulisubiri augue, tukalipa dirishani. Shilingi yetu iliingia peke yake ikatoka peke yake.

Kwa nini mfuko haukushamiri kama ulivyotarajiwa? Sababu zimesemwa sana: dawa kukosekana, umbali, watu kutokuelewa kwamba anayechanga hata asipougua hajatapeliwa. Tunaongeza moja ambayo kwa maoni yetu ilikuwa kubwa. Mwanachama hakuona kibaba kikipimwa. Aliambiwa achange, hakuambiwa wenzake wangapi wamechanga, nyongeza ya Serikali imeombwa lini, imefika au haijafika, na imenunua nini. Zipo halmashauri zilizochelewa au kushindwa kuomba tele kwa tele kwa sababu taarifa hazikuandaliwa vizuri, na mwanakijiji aliyekuta rafu tupu akahitimisha kwamba fedha zake zimeliwa. Pengine hazikuliwa. Pengine zilikuwa benki zikingoja sahihi. Kwa mgonjwa yote ni mamoja.

Mwaka 2018 mfuko huo uliboreshwa: shilingi 30,000 kwa kaya ya watu hadi sita, uandikishaji ukifanywa kijijini kwa simu. Mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na ndani yake umewekwa mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo. Mnaona jambo linavyorudi pale pale. Nani atatambuliwa kuwa hana uwezo? Utambuzi wa aina hii tumeuona katika TASAF, ule Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulioanza mwaka 2012, ambapo majina yalipelekwa katika mkutano wa kijiji. Mzee asiyesikia vizuri, mlemavu asiyeweza kufika, mjane anayeogopa kusimama mbele ya watu (na katika mkoa huu mnajua kwa nini bibi mwenye macho mekundu huogopa kujitokeza), hao ndio wanaoachwa. Si kwamba kijiji kina roho mbaya. Mwenyekiti huandika anaowaona.

Jumuiya zetu ndogo ndogo zinawaona hao wengine. Zinawajua nyumba kwa nyumba, kwa sababu huko ndiko zinakosali. Tuna orodha ambayo Serikali inaihitaji, na Serikali ina fedha ambazo watu walio katika orodha yetu wanazihitaji, na orodha mbili hizi kwa miaka hazijawahi kukaa meza moja.

Tulipolieleza hili kwenye kikao kidogo cha awali, katibu mmoja wa parokia alitupinga, na tunadhani alikuwa na hoja. Alisema: "Mnatutuma tukadai matibabu ya bure kwenye dirisha lisilo na dawa. Mzee atapata barua, atatembea kilomita kumi na mbili, ataambiwa akanunue dukani. Heri bahasha."

Ni kweli, na tusijidanganye. Msamaha haujibebi wenyewe. Kila mzee anayetibiwa bure anapunguza fedha ambazo kituo kingenunulia dawa, na kama hakuna anayefidia, mganga anayemfukuza mzee leo huenda analinda dawa za mtoto wa kesho. Hospitali za madhehebu zinalijua hili kuliko wote. Katika mkoa wetu wagonjwa wametibiwa miaka mingi huko Nkinga, Ndala na Sikonge, na mnajua mahusiano ya makanisa na Serikali katika huduma hizi yana makubaliano yake tangu mwaka 1992, ilipoundwa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii. Mahali penye mkataba wa huduma, halmashauri huilipa hospitali ya dhehebu iwatibu makundi ya msamaha. Fedha zikichelewa, hospitali ndiyo inayobeba mzigo. Basi barua ya mtendaji peke yake haitoshi. Lazima tufuate barua na fedha kwa pamoja.

Na fedha zina majira yake, kama tumbaku. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai. Lakini mipango ya vijiji huanza kukusanywa miezi mingi kabla, takriban mvua za kwanza zinapoanza, ikapelekwa kwenye kata, kisha halmashauri, na mapema mwakani baraza la madiwani huipitisha. Sisi tumezoea kwenda kwa diwani mwezi Mei, tumevaa vizuri, tuna barua yenye muhuri. Wakati huo chungu kimeshaepuliwa. Anatupokea kwa heshima, anatuambia ataona. Hana la kuona.

Tangu mwaka wa fedha 2017/18 liko pia jambo ambalo wanakamati wengi hawajalitumia. Fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zilianza kupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya zahanati na kituo cha afya. Kabla ya hapo zilipitia ofisi ya mkurugenzi, na mwananchi alihitaji nauli ya kwenda wilayani ili akaulize. Kwa utaratibu huo mpya mwenye kuulizwa ni mganga mfawidhi na kamati ya usimamizi ya zahanati ya hapo hapo kijijini, na wajumbe wake wengine ni majirani zetu tunaokaa nao benchi moja kanisani. Swali la kuuliza ni fupi: robo hii zimeingia ngapi, zimenunua nini, zimebaki ngapi? Lisiulizwe kwa ukali. Miaka ya 2000 tulifundishwa semina nyingi za kufuatilia matumizi ya fedha za umma, na wengine wetu tulirudi vijijini kama polisi, tukafunga milango ambayo haijafunguka vizuri mpaka leo. Mganga mmoja alitueleza kwamba aliwahi kuulizwa na kamati mbili kwa wiki moja, na hakuna hata moja iliyorudi kumsaidia alipokosa jokofu la chanjo.

Mkutano mkuu wa kijiji nao upo kila miezi mitatu, na ndipo taarifa ya mapato na matumizi inapopaswa kusomwa. Tunajua vijiji ambavyo mkutano hauitishwi, na tunajua vingine ambavyo unaitishwa siku tuliyoweka semina ya parokia. Hilo la pili liko mikononi mwetu, makatibu mlirekebishe.

Panapokuwa na ukimya, kuna sheria. Katiba, Ibara ya 18, inataja haki ya raia kupewa taarifa, na mwaka 2016 ikatungwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa. Unaandika barua kwa ofisi inayohusika, unataja unachotaka kujua, nayo ina siku thelathini za kukujibu. Huhitaji mwanasheria. Lakini sharti liwe swali lenye mipaka. Barua inayoomba "taarifa zote za maendeleo ya wilaya" itajibiwa kwa kalenda ya ukutani. Barua inayouliza ni wazee wangapi wa kata fulani wametambuliwa kwa msamaha wa matibabu, na ni kiasi gani kimetengwa kufidia vituo, hiyo ina jibu.

Sheria hiyo ina sehemu inayotugusa sisi wenyewe. Haiishii kwenye ofisi za Serikali. Inazigusa pia taasisi binafsi zilizosajiliwa zinazotumia fedha za umma. Zahanati ya parokia inayopokea ruzuku au watumishi wa Serikali imo. Sasa tuwaulize ndugu wanakamati, bila kutaja majina: ni zahanati ngapi kati ya zetu zina ubao nje unaoonyesha ruzuku iliyopokelewa? Tulipojiuliza ofisini tukatazamana. Taarifa zetu nzuri, zenye picha na michoro, tunaziandika kwa ajili ya wafadhili walio mbali. Bibi wa kigango hajawahi kuiona hata moja, na yeye ndiye aliye kwenye picha.

Tunageukia wageni wetu. Mnafahamu kilichotokea Januari 2025, Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje. Fedha zetu hazikutoka huko, lakini wagonjwa wetu wengi wa majumbani walihudumiwa na miradi iliyotoka huko, na wahudumu waliokuwa wakipita na baiskeli walisimama ghafla. Kwa wiki kadhaa simu za makatibu wa parokia hazikunyamaza. Tulijifunza kwa uchungu kwamba huduma ya mgonjwa kitandani haiwezi kutegemea mlango mmoja, hata kama mwenye mlango ni mkarimu. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii kwa nchi nzima. Wahudumu wetu wa kujitolea wenye uzoefu wa miaka wanastahili kujua nafasi hizo zinatangazwa lini, wapi na kwa sifa zipi, kabla dirisha la maombi halijafungwa. Katika kigango kimoja tangazo la nafasi lilisomwa baada ya misa, wiki moja baada ya tarehe ya mwisho.

Kwa hiyo ombi letu kwenu wafadhili si la kawaida, na tunajua halipendezi kwenye picha. Vitanda na baiskeli mmetupa, tunashukuru. Tunaomba sehemu ndogo ya fedha za huruma itumike kwa nauli ya katibu kwenda kwenye baraza la madiwani wakati wa bajeti, kwa karatasi na kalamu ya wino mzito, kwa kutafsiri waraka kwa Kiswahili cha watu na kuubandika kwenye kimo cha macho. Na bahasha ya dharura ibaki, kwa sababu yule katibu aliyetupinga hakukosea: siku dirisha litakapokuwa tupu, mzee asiachwe barazani kwa ajili ya kanuni zetu mpya.

Kwenu wanakamati, utaratibu umebadilika kuanzia robo hii. Barua ya kuomba msaada wa matibabu ya mzee itakayofika ofisini bila kuonyesha kwamba mtendaji na afisa ustawi wa jamii wameonwa, tutairudisha, ila mgonjwa akiwa mahututi. Msikasirike. Itarudi pamoja na mtu wa ofisi yetu atakayewasindikiza kwa mtendaji mara ya kwanza, maana wengine wenu mna ugomvi naye wa viwanja na hatutaki kujua.

Ubao wetu wenyewe fundi ameshaukamilisha, upo pale chini ya mwembe, rangi haijakauka vizuri hivyo msiuegemee. Juu yake tutaweka fedha za huruma za robo hii, zilizoingia na zilizotoka, bila majina ya wagonjwa. Pembeni tutabandika nakala ya barua yetu ya kwanza kwa halmashauri, ile ya swali la wazee, ikiwa na muhuri wa siku ilipopokelewa. Jibu likija tutalibandika chini yake. Lisipokuja, kila Ijumaa karani wetu ataandika kwa chaki siku zilizopita.